Simu, gazeti au kamba: kazi ipi ya kujitolea inaufaa zaidi uoto wa asili wa Unguja na Pemba?

Anayetaka kujitolea kuandika mimea ya asili ya visiwa vyetu ana njia nne mbele yake. Anaweza kupiga picha kwa simu na kuzipeleka iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kurekodi mimea na wanyama. Anaweza kukusanya vielelezo, yaani matawi yaliyobanwa kwenye magazeti yakakauka, kwa ajili ya hifadhi ya mimea mikavu. Anaweza kuingia msituni na kamba na futi, akapima kiwanja na kuandika kila kilichoota ndani yake. Na anaweza kukaa nyumbani na kompyuta, akachora mipaka ya misitu kwa kufuata picha za angani. Kazi zote nne zina wanaozihitaji. Tatizo ni kwamba hazijibu swali moja, na mtu akichagua kwa kuangalia urahisi tu, huenda akachoka kwa kazi ambayo haikumsaidia yule aliyetaka kumsaidia.

Swali ninalolijali ni la jamii za mimea: ni mimea gani inayoishi pamoja, wapi, na kwa wingi gani. Kujua kwamba mtondoo unaota Unguja ni jambo moja. Kujua kwamba pale Jozani, maji ya ardhini yanapokuwa karibu na uso wa udongo, mtondoo umesimama na miti gani, yenye unene gani, na chini ya kivuli chake inachipua miche ya nini, hilo ni jambo jingine kabisa. La kwanza tunalo tayari. Orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyotoka sehemu baada ya sehemu tangu 1952 hadi 2012, imeipa Unguja herufi Z na Pemba herufi P, na ukiifungua utaona mmea upi umewahi kuokotwa kisiwa kipi. Herufi hiyo moja haikuambii mmea ulikuwa jirani na nani, wala kama kichaka chenyewe bado kipo.

Kwa hiyo uamuzi wangu nautoa mapema. Kama unaweza kurudi mahali pamoja mara kwa mara, na kuna wenzako watatu wa kwenda nao, chagua kamba na kiwanja, ufanye kazi hiyo pamoja na kamati ya uhifadhi ya shehia. Kama huwezi, chagua simu, ila uitumie kwa utaratibu nitakaoueleza. Gazeti na kompyuta vina watu wake.

Simu ikilinganishwa na kiwanja

Nguvu ya simu inajulikana. Picha moja hubeba tarehe na mahali, hata ukiwa huna mtandao, na jioni ukifika penye mtandao unaituma. Kisha watu waliobobea, wengine wako Nairobi na wengine Ulaya, wanakusaidia kutaja jina. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakikubaliana juu ya spishi, na rekodi ikiwa na picha, tarehe na mahali, iNaturalist huihesabu kuwa inafaa kwa utafiti. Ukiwa umeiruhusu itumike, inaingia pia katika GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe. Mwanafunzi wa skuli anaweza kuanza leo hii kwenye kichaka kilicho nyuma ya nyumba yao.

Udhaifu wake nao ni mkubwa, na hausemwi vya kutosha. Mtu mwenye simu hupiga kinachomvutia: ua jekundu, tunda la ajabu, mbuyu mkubwa. Kichaka cha majani ya kijani yasiyo na ua anakipita. Vilevile hupiga pale miguu yake inapopita kwa raha, kando ya barabara, kwenye njia ya watalii, karibu na hoteli. Ukizitandaza picha hizo zote juu ya ramani, unapata ramani ya njia za watu kuliko ramani ya uoto. Tena picha haisemi kisichokuwepo. Kama hakuna picha ya mkadi mahali fulani, hujui kama mkadi haupo au kama hakuna aliyepita.

Kuna jambo la pili, la mimea iliyopandwa. Visiwa vyetu ni visiwa vya mashamba. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mwarobaini umetoka bara Hindi, mnazi umepandwa kila pembe. Mgeni wa kazi hii hupiga picha zote hizo bila kuweka alama ya mmea uliopandwa, na anayesaka uoto wa asili baadaye analazimika kuchambua pumba na mchele. Alama hiyo ipo kwenye programu. Ni kugusa mara moja, na inafanya rekodi yako iaminike.

La tatu linaihusu Pemba zaidi. Mimea iliyo hatarini, iNaturalist huificha mahali pake halisi ili wasije wakaing'oa wachuuzi, nami naunga mkono. Lakini njia ya kuficha ni kuitupa nukta popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande. Huo ni karibu upana wote wa Pemba. Nukta ya mti uliouona katikati ya msitu wa Ngezi inaweza kuonekana baharini. Anayechora mipaka ya jamii za mimea hawezi kuitumia, isipokuwa wewe mwenyewe umpe vipimo halisi. Kwa hiyo viandike pia kwenye daftari lako, na uvipeleke Idara ya Misitu kwa mkono.

Sasa kiwanja. Mnachagua mahali kwenye ramani kabla ya kutoka nyumbani, ili msije mkavutwa na ukingo ulio rahisi kufikika. Mnafika, mnanyoosha kamba, mara nyingi mita 20 kwa 20, mnaweka alama pembe nne. Kila mti uliofikia unene mliokubaliana unapimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini na kutajwa jina. Katika viwanja vidogo ndani ya kile kikubwa mnahesabu miche, na kwa majani ya chini mnakadiria yamefunika sehemu gani ya ardhi. Mnaandika pia udongo, mawe, visiki, alama za moto, njia za ng'ombe. Mkimaliza mna orodha ya kilichopo, na kwa sababu mmeangalia kila kitu, mna haki ya kusema pia kisichokuwepo. Simu haiwezi kukupa hilo.

Kwenye maweni, yaani ile ardhi ya mawe ya matumbawe ya mashariki na kusini mwa Unguja, kazi hii inataka busara ya ziada. Miongozo mingi ya vitabuni huanzia unene (kipenyo) wa sentimita 10. Ukiishika hiyo katika vichaka vya huku utapima miti michache, kisha utaandika kwamba pahala ni patupu, na kumbe umesimama katikati ya kichaka ambacho mkono haupenyi. Miti mingi ya maweni imekatwa ikachipua tena, kisiki kimoja kikatoa mashina matano au sita membamba. Kubalianeni mapema kipimo cha chini, sentimita 5 au hata 2, na mpime kila shina mkiandika kwamba limetoka kisiki kimoja. Mkibadilisha kipimo katikati ya kazi, viwanja vya mwanzo na vya mwisho havitalinganishwa tena.

Na hapa ndipo mzee wa kijiji anapokuwa na thamani kuliko kifaa chochote. Sehemu kubwa ya maweni ililimwa, ikaachwa, ikalimwa tena. Umri wa kichaka, yaani miaka tangu konde liliposhushwa jembe, ndio unaoeleza zaidi kwa nini kichaka hiki kina mkwamba mwingi na kile kina mdaa na mgo. Picha haikupi umri huo. Mwenye konde anaujua, tena anaweza kuuhesabu kwa mwaka wa ndoa ya mwanawe au mwaka wa njaa. Muulizeni, "Mzee, hapa mara ya mwisho palilimwa lini, na kulipandwa nini?" Jibu lake liandikwe kwenye fomu pamoja na vipimo, na majina ya miti kama anavyoyataja yeye, kwa sababu mti mmoja unaweza kuwa na jina moja Makunduchi na jingine Micheweni. Kama kuna dawa anayoitumia na hataki iandikwe, isiandikwe.

Kinachofanya kiwanja kiwe chaguo langu ni kwamba wapo watu wanaongoja majibu yake papa hapa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 ilifungua mlango wa jamii kusimamia misitu yao. Kupitia mradi wa kuhifadhi misitu ya asili uitwao HIMA, ulioanza 2010, shehia nyingi zilifikia makubaliano na Serikali, yale yanayoitwa COFMA, yaani makubaliano ya jamii kusimamia msitu wake. Makubaliano hayo hugawa msitu: huku pa kuhifadhiwa, huku pa kukatwa kuni kwa mpango. Kamati inataka kujua kama sehemu ya kuni inarudi au inakwisha. Kiwanja kilichopimwa leo, pembe zake zikawekwa alama, kikapimwa tena baada ya miaka miwili, kinaijibu kamati moja kwa moja, na kinaijibu kwa hesabu ambayo hata asiyependa matokeo yake hawezi kuikataa.

Kasoro zake nazisema wazi. Kiwanja kimoja katika kichaka kizito kinaweza kula asubuhi nzima. Kinataka watu wanne: anayejua majina, anayepima, anayeandika, na anayeshika dira na kipima mahali. Kinataka viatu vigumu, maana mawe ya matumbawe hukata ndara kama wembe, na nguo za mikono mirefu, maana upupu haumjui mgeni wala mwenyeji. Mafunzo nayo hayakwepeki, hata ya siku moja tu, kwa mtu aliyewahi kupima. Daftari lisiponakiliwa jioni ile ile, jasho la siku nzima linaweza kuloa kwenye mvua moja.

Kwa asiye na kikundi, ninapendekeza njia ya kati. Simama mahali pamoja, chukua duara la hatua tano kila upande, piga picha kila aina ya mmea ndani ya duara hilo, hata ile isiyopendeza, na ziandikie zote namba moja ya kituo. Kila mmea upige jani upande wa juu na wa chini, namna majani yalivyopangika kwenye tawi, gome, na ua au tunda likiwepo, kwa sababu vichaka vingi vya maweni vina majani yanayofanana mno. Kisha songa mita mia, urudie. Rekodi za namna hiyo zinakaribia kazi ya kiwanja, na zinafaa mara nyingi zaidi kuliko maua mia yaliyotawanyika kisiwa kizima.

Gazeti

Kielelezo kilichokaushwa vizuri hudumu karne na zaidi. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, alikusanya mimea hapa, na mkadi wetu, Pandanus kirkii, unalichukua jina lake. Faida kubwa ya kielelezo ni kumaliza ubishi: jina likitiliwa shaka baada ya miaka 30, mtaalamu anafungua bahasha na kuangalia mmea wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya namna hiyo, Nairobi ipo nyingine, na ya Kew huko London ndiyo yenye vielelezo vingi vya kale vya kwetu.

Kazi yenyewe ni ya mtu mtulivu. Tawi lenye ua au tunda linalazwa ndani ya Zanzibar Leo la zamani, linabanwa kati ya mbao mbili kwa mkanda, na kwa hewa yetu ya unyevu karatasi hubadilishwa kila siku mwanzoni, la sivyo ukungu unakuja. Lebo ndiyo roho ya kielelezo: mahali, vipimo vya GPS, tarehe, aina ya ardhi, urefu wa mmea, rangi ya ua ilipokuwa mbichi, jina la kienyeji, jina la mkusanyaji na namba yake. Bila lebo ni jani kavu tu. Usikusanye bila kibali, na mmea ukiuona ni mmoja au wawili tu mahali pale, uache, upige picha.

Kwa anayetafuta jamii za mimea, gazeti ni msaidizi wa kiwanja. Kila jina ambalo kikundi hakina uhakika nalo, tawi moja linabanwa na kupewa namba ile ile ya mti kwenye fomu. Ukilitenga na kiwanja, linarudi kuwa ile herufi Z au P.

Kompyuta

Hii naipitia kwa ufupi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi mkubwa wa kupiga picha visiwa vyote kwa ndege zisizo na rubani, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Benki ya Dunia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha za namna hiyo zinaonyesha mnazi mmoja mmoja. Mtu aliyeko Muscat au London, au mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kutoka, anaweza kuchora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ukingo wa mikoko, mpaka wa kichaka na konde, au mwanya mpya uliofunguliwa msituni. Mpaka unauona vizuri. Majina huyaoni: kutoka juu mkandaa na muia ni kijani kimoja. Kwa hiyo kazi ya kompyuta huwatangulia wenye kamba kwa kuwaonyesha wapi pa kwenda, na huwafuata kwa kueneza walichokipima. Pekee yake haitoshi, na aliyechora bila mtu wa kukagua ardhini asiandike zaidi ya anachokiona.

Wapi

Ukishachagua kazi, mahali pia hubadilisha mambo. Kwa mgeni wa kazi anayekaa mjini, Masingini iko karibu na ni pazuri pa kujizoesha. Jozani, inayopitiwa na daladala za kusini, ina faida ya kipekee ya kukutanisha jamii tatu ndani ya mwendo wa miguu: msitu wa maji ya ardhini, vichaka vya mawe, na mikoko ya Pete. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na 2016 eneo la Jozani na ghuba ya Chwaka likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai. Pa kujifunzia kutofautisha jamii moja na nyingine, sijui panapoizidi.

Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba, ni habari nyingine. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mita 800 hivi, wakati bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na ilikuwa nchi kavu enzi za barafu. Pemba ilijitenga zamani zaidi, na uoto wake unalionyesha hilo. Mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mitende usioota porini popote duniani isipokuwa Pemba, una ndugu zake Madagaska na Ngazija. Na kwenye mchanga wa magharibi mwa msitu kuna vichaka vya Erica mafiensis, wa ukoo ule ule wa vichaka vya miteremko ya juu ya Kilimanjaro, hapa wakiwa usawa wa bahari. Ngezi inastahili mtu makini, mwenye kukaa siku kadhaa, si wa kwenda na kurudi. Unafika Konde kwa daladala, kisha bodaboda.

Lakini ukiniuliza pahala penye haja kubwa, nitasema maweni: Kiwengwa na Pongwe, Mtende, Muyuni, na huko Pemba upande wa mashariki. Jozani na Ngezi wamepita watafiti wengi. Vichaka vya mawe watu huviona kama pori la kukata, vinakwenda kwa kuni, makaa, matanuri ya chokaa na viwanja vya hoteli, na mara nyingi vinaondoka kabla mtu hajaandika kilichokuwemo. Kiwanja kimoja cha maweni kilichopimwa mwaka huu kina uzito kuliko vitano vya pembeni mwa njia ya Jozani.

Kwa mikoko, fuateni bahari. Siku za bamvua maji hupwa sana, na huku kwetu hupwa asubuhi, kwa hiyo mnapata saa chache za kunyoosha mstari kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu: mlilana mbele, mkoko nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu ukitokea tena karibu na ardhi. Mstari unafaa kuliko mraba hapa, kwa sababu jamii zinabadilika kwa hatua. Maji mafu msiende, hayapwi vya kutosha.

Kabla ya yote nendeni kwa sheha, mkabishe hodi na barua ya utambulisho, mumweleze mtapima nini na nakala ya matokeo ataipata lini. Ndani ya hifadhi kibali cha Idara ya Misitu hakina mbadala, na kinachukua muda, basi kiombeni mapema. Mkitaka maua na majani mapya kwa pamoja, pangeni safari ya kwanza masika yanapoanza kukatika, mwishoni mwa Mei na Juni, njia zikiwa zimekauka kiasi na vichaka bado vibichi. Ya pili iwe baada ya vuli, kwenye viwanja vile vile.